Jina la Mteja wa Rapsu

Hapo mtaa wa Wabera watu wamezoea kumwona Mzee Waqo akipita asubuhi na mtoto begani. Maisha yake yote alikuwa dalali wa mifugo, mtu wa fimbo na kilemba, wa kufanya bei mkono kwa mkono chini ya shuka, kidole kikisema kile ambacho mdomo hautaki watu wa pembeni wasikie. Siku hizi magoti yamegoma, vumbi la soko limemshinda, na kazi aliyobaki nayo ni Talaso, binti wa mwanawe Abass. Mtoto anaota meno, na dawa aliyojipatia mwenyewe ni kutafuna ndevu za babu yake.

Wazee wenzake hawamwachi apite bure.

"Salaam aleikum, Mzee. Siku hizi umekuwa yaya?"

"Aleikum salaam. Yaya ni wewe unayelinda mbuzi za tajiri. Mimi nalinda mtoto wa wakili."

"Wakili gani? Si tumesikia ni kozi ya nusu wakili?"

"Nusu ya wakili ni nyingi. Kwenu kuna hata kwato ya wakili?"

Huyo wakili ni Abiba, mke wa Abass. Abass anaendesha lori la ng'ombe. Leo yuko Moyale, kesho Nairobi, na akija nyumbani anaandaliwa chai kama mgeni wa heshima. Abiba ndiye anayesoma, katika chuo kimoja hapo mjini, kozi ya usaidizi wa kisheria. Msaidizi wa kisheria si wakili, hasimami mbele ya hakimu kumtetea mtu. Yeye anakaa na watu kwenye benchi, nje ya mahakama au kwa chifu, anasikiliza neno lao hadi mwisho, analiandika likaeleweka, kisha anawaonyesha mlango wa kubisha.

Kiu ya kazi hiyo alikuja nayo kutoka kwao Kulamawe. Mama yake aliwahi kuletewa karatasi akaambiwa, weka kidole hapa, ni ya chakula cha msaada. Akaweka. Hakuna aliyemsomea. Baadaye ndipo walipojua karatasi ile ilisema kwamba ameachia kiwanja chake cha kando ya duka. Abiba wakati huo alikuwa msichana wa shule, na kilichomkaa moyoni hakikuwa kiwanja. Ni vile mama yake alivyokaa mlangoni akikitazama kidole gumba chake, akikigeuza huku na huku, kama vile kidole ndicho kilichomkosea.

Kwa hiyo Talaso alipoanza kukaa, Abiba alijikaza akamwambia mama mkwe wake kwamba anataka kusoma. Mama Ado anauza maziwa ya ngamia, anaamka kabla ya jogoo na kurudi jua likiwa kali, na hana muda wa maneno marefu.

"Na huyu mtoto atanyonya nini? Vitabu?"

Kabla Abiba hajapata jibu, mzee alikohoa nyuma ya pazia.

"Mimi miguu ndiyo mibovu. Mikono ninayo. Mtoto nitampeleka anyonye huko huko."

Ikawa hivyo. Kila adhuhuri mzee anambeba Talaso hadi chuoni, anakaa chini ya dirisha la darasa ambapo ukuta unatoa kivuli, na anamwimbia nyimbo za kunyweshea ng'ombe kisimani mpaka wanafunzi watoke mapumziko. Darasa limezoea. Hata Mwalimu Mutuma, Mmeru mrefu mwenye sauti ya pole, akisikia wimbo unaanza chini ya dirisha anafunga kitabu na kusema, "Haya, ng'ombe wamefika, tukale."

Sasa, jambo moja la nyumba hiyo lazima lijulikane. Abiba hamwiti baba mkwe wake kwa jina. Kwao, na kwa watu wa mume wake, mke anayeheshimu nyumba hatamki jina la baba mkwe. Anamtafutia jina lingine la kumpendeza. Abiba siku ya kuingia pale alimwita Abba Ola, yaani mkuu wa boma, na mzee alilipenda mpaka akatembea nalo mtaa mzima. Wala si yeye peke yake anayekwepwa. Mtu yeyote mwenye jina kama lake naye anakwepwa. Muuza sukari wa karibu anaitwa Waqo, lakini kwa Abiba yeye ni "yule wa duka la kona". Mama Ado mwenyewe, aliyemzalia mzee watoto, anamwita "huyu wenu".

Hakuna aliyemlazimisha Abiba. Wapo mabibi wengi hapo mjini wanaotaja majina ya wakwe zao kama wanavyotaja bei ya nyanya, na jua linachomoza kama kawaida. Lakini Abiba anakumbuka siku ya uchungu wa Talaso, Abass akiwa njiani na lori, vile mzee alivyosimama katikati ya barabara na fimbo yake akazuia gari la kwanza lililopita, nalo lilikuwa la mchanga. Alimpandisha mbele, yeye akapanda juu ya mchanga, na hadi hospitalini alikuwa akimpigia dereva paa apunguze mwendo. Mtu kama huyo, Abiba anasema, ukimwekea jina lake mbali na mdomo wako humpi kitu kikubwa. Ni kama kumwachia kiti.

Chuoni mambo yalikuwa yakienda vizuri. Alipenda somo la watoto, akapenda la ardhi, na lile la kuhoji mteja alilipenda kuliko yote. Mwalimu Mutuma alikuwa akiwaambia, "Jina la mteja ndiyo mlango wa nyumba yake. Ukikosea mlango, kila unachofanya humo ndani unamfanyia mtu mwingine." Abiba aliandika, akapiga mstari chini yake, wala hakujua maneno yale yatamrudia.

Mtihani wa vitendo ulipofika, kila mwanafunzi aliingiza mkono kwenye boksi akatoa bahasha. Ndani ya bahasha kuna faili la mteja wa kubuni. Unakaa mbele ya Mwalimu Mutuma na Bi Alice, mwanamke mwenye miwani kutoka ofisi ya msaada wa sheria, unamtambulisha mteja, unamhoji, unaandika taarifa yake, halafu unamsomea. Anayefaulu anapelekwa kwenye meza ya msaada nje ya mahakama, akutane na watu wa kweli. Anayefeli hata akirudia anangoja kundi la mwaka ujao. Na Abiba alijua mwaka ujao maana yake ni nini. Abass alikuwa amesema, "Soma mwaka huu. Mwaka ujao tutaona," na mume akishasema tutaona, mara nyingi hakuna kinachoonekana.

Abiba akafungua bahasha yake. Mteja, Waqo Jillo, mkulima wa Rapsu. Jirani amegeuza mfereji na maji hayafiki tena kwenye vitunguu vyake. Hajui kusoma wala kuandika.

Akalisoma jina lile mara ya pili. Aliyeigiza mteja alikuwa Lotukoi, Mturkana mchekeshaji aliyekuwa mwendesha boda kabla ya kuja chuoni. Kila mtu alimtaka awe mteja wake kwa sababu analia machozi ya kweli. Siku hiyo alivaa kofia ya kuazima, akaketi kwa kujikunja kama mzee.

"Tambulisha mteja wako," alisema Bi Alice.

Abiba akafungua mdomo. Chini ya dirisha, hatua chache tu, baba mkwe wake alikuwa akimsimulia Talaso habari za fahali mwekundu.

"Mteja wangu," alisema Abiba, "mteja wangu ni... ni Abba Ola, mkulima wa Rapsu."

Bi Alice akatazama faili. "Nani?"

"Abba Ola."

Lotukoi akageuka akaangalia nyuma yake. "Ameingia saa ngapi huyo?"

Darasa likacheka. Huko nje nako wimbo ukakatika ghafla, maana mzee alisikia jina lake la nyumbani likitajwa darasani, akadhani anaitwa. Akainua kichwa dirishani, kilemba kwanza, halafu ndevu, halafu Talaso. "Ndiyo? Mtoto analia?" akauliza. Darasa likacheka zaidi. Abiba alitamani sakafu ifunguke.

Lakini aliendelea. Aliuliza maswali yake taratibu, vizuri kabisa: mfereji ulikuwa wapi, nani alikuwepo ulipogeuzwa, wazee wa maji walisema nini. Mkono wake uliandika jina la mteja sawasawa, kwa sababu kalamu haikuwa na shida na mtu. Ila kila alipofika kulisoma, mdomo ulisema Abba Ola.

Bi Alice akaweka kalamu chini.

"Abiba, umeuliza kuliko wote. Lakini kwenye karatasi yako kuna mtu mmoja na mdomoni mwako kuna mwingine. Mteja wako hajui kusoma. Anachojua ni kile anachosikia kwako. Sasa hicho kidole gumba anamwekea nani?"

Neno la kidole gumba lilimchoma Abiba mahali ambapo Bi Alice hakupajua. Akamwona mama yake mlangoni kule Kulamawe. Akakusanya karatasi zake.

Baada ya masomo Mwalimu Mutuma alimwita kando.

"Wewe ndiye nilikuwa nakutegemea. Nini kilitokea?"

"Ni jina, Mwalimu."

"Jina limefanya nini?"

"Ni la mtu wa nyumbani." Akaelekeza kidevu kwenye geti, ambapo mzee alikuwa akimfuta Talaso makamasi kwa ncha ya kilemba.

Mwalimu akatazama, akafikiri, akaelewa. "Ooh. Ni mkwe?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuniambia? Alhamisi kuna nafasi ya kurudia. Nitakupa faili lingine. Liko moja la mtu anaitwa Kimathi, hilo halina mkwe wa mtu."

Abiba alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imefika kabisa kwenye meno. Lakini akafikiria soko la mifugo. Pale ukiita jina la baba mkwe wake, nusu ya soko inageuka. Watu hao wote, siku wakinyang'anywa maji au mbuzi, watakuja kwenye meza ya msaada. Atawaambia nini? Nendeni mkabadilishe majina ndipo niwasaidie?

"Acha lile lile, Mwalimu."

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini acha lile lile."

Njiani alikuwa na Fardowsa, rafiki yake wa darasani, Msomali wa maneno mengi.

"Wewe unajitesa bure. Litoe haraka kama mtu anakohoa, limekwisha! Sisi kwetu mtu tunamtaja yeye, baba yake, babu yake, mpaka ngamia wa babu yake."

"Ndiyo ninyi mnaongea sana."

"Na ndiyo tunafaulu!"

Nyumbani Abiba alijaribu. Aliingia jikoni, akakoroga sufuria kwa kelele, akafungua mdomo. "Wa," akasema, na lililobaki likakataa kutoka. Akajaribu akiwa amefumba macho. Akajaribu akiwa ameinamia ndoo, labda maji yatalificha.

"Unaongea na ndoo?"

Alikuwa Mama Ado, amesimama mlangoni na madumu yake ya maziwa matupu. Hapo Abiba akaketi chini akamwambia yote, tangu bahasha mpaka kilemba dirishani. Mama Ado akakaa juu ya dumu, akacheka mpaka mtandio ukaanguka.

"Kwa hivyo ni huyu wetu amekufelisha!"

"Mama, mimi nalia, wewe unacheka."

"Nacheka kwa sababu najua. Mimi siku ya kuandikisha kitambulisho, yule karani akaniuliza, bwana yako ni nani? Nikamwambia, muulize huyo mama nyuma yangu. Akasema, mama, ni bwana yako ama ni wa huyo mama?" Akajifuta macho. "Foleni yote ilicheka. Na huyo mama wa nyuma alikuwa mgeni, hakujua. Ikabidi atafutwe jirani."

"Sasa mimi Alhamisi nitatafuta jirani gani? Sheria inasema nisome mimi."

Mama Ado akaokota mtandio wake. Ukuta wa jikoni ni wa mabati, na upande wa pili mzee alikuwa ameketi na Talaso, akisikia yote. Maneno ya kawaida, ya mtoto na chai na mvua, mzee na Abiba wanaambiana wenyewe. Neno hili lilikuwa la jina lake, kwa hiyo wanawake walipotoka nje uani alilipitisha kwa mke wake, ingawa Abiba alikuwa amekaa pale pale.

"Mama Ado, mwambie huyu mtoto, mimi nimeuza mafahali miaka yote bila kufungua mdomo. Si amshike mteja mkono chini ya shuka, amwonyeshe kwa vidole?"

"Mama, mwambie Abba Ola sheria inataka sauti. Asiyejua kusoma lazima asomewe, tangu jina lake hadi neno la mwisho, asikie kwa masikio yake, ndipo aweke kidole."

Mama Ado akawatazama, huyu kulia, huyu kushoto. "Mmesikiana ama nirudie?"

Talaso alikuwa amepata ndevu na anazitafuna.

"Hiyo sheria ni nzuri," alisema mzee mwishowe. "Mama yake angesomewa hivyo, angekuwa na kiwanja chake leo. Mwambie nimempa ruhusa. Aseme."

Abiba akainamisha kichwa. Ilikuwa zawadi kubwa, naye aliujua ukubwa wake. "Mwambie ahsante sana. Lakini Mama, ruhusa imefika masikioni. Ulimini haijafika."

Mzee alikaa akigongagonga fimbo chini polepole, kama alivyokuwa akifanya sokoni mteja akikataa bei na yeye hataki kumpoteza.

Alhamisi adhuhuri alimleta Talaso kama kawaida. Abiba akanyonyesha, moyo ukiwa mahali pengine, kisha akamrudisha mtoto. Zamu yake ilikuwa ya kwanza baada ya mapumziko. Alitegemea mzee ataketi kwenye kivuli chake. Mzee hakuketi. Alimwendea Mwalimu Mutuma mlangoni.

"Mwalimu, sauti ya hili darasa inafika wapi?"

"Sauti, Mzee?" Mwalimu alishangaa. "Labda hapo kwenye geti."

"Geti," alisema mzee, akampandisha Talaso begani na kuondoka.

Ndani, Lotukoi alikuwa ameshavaa kofia yake. Bi Alice akafungua faili. Mara hii Abiba alikuwa amejipanga.

"Naomba mteja ajitambulishe mwenyewe kwa majina yake kamili."

"Waqo Jillo," alisema Lotukoi kwa sauti ya kizee, "na njaa pia ninayo."

Bi Alice alitabasamu kidogo. "Hiyo inakubalika. Lakini kusoma utasoma wewe."

"Nitasoma."

Akamhoji, akaandika. Na kila alipoinua macho kutoka kwenye karatasi, dirisha lilikuwa mbele yake. Mzee alikuwa amefika getini. Akasimama, akageuka, akalipima jengo kwa macho kama anayepima ng'ombe, akatega sikio. Akatikisa kichwa. Haitoshi. Akavuka barabara. Vijana wa boda wakamwonyesha viti vya pikipiki; akawapungia fimbo wamwache. Akapita vibanda, akapita mgunga mkubwa, akageuka tena, akatega sikio tena. Haitoshi. Akaendelea, magoti yale yale yaliyokataa soko, bega moja likiwa na mtoto, akiinama kidogo upande wa kulia.

Hapo Abiba akaelewa. Mzee hakuwa akitembea tu. Alikuwa akilipeleka sikio lake mbali.

Kalamu ilisimama. Taarifa ilikuwa imekwisha, na kilichobaki ni kuisoma.

"Abiba," alisema Mwalimu Mutuma kwa upole, "mteja anasubiri."

"Songa, dada," Lotukoi akanong'ona chini ya kofia. "Vitunguu vinakauka."

Abiba hakusonga. Alingoja. Bi Alice akatazama saa, akaandika kitu. Huko mbali, pale barabara inapoanza kutetemeka kwa joto, mzee alisimama mara ya mwisho. Sasa alikuwa mdogo kama kitu cha kuchezea. Akainua fimbo juu, akaishusha, kisha akakipa chuo mgongo. Abiba aliona miguu ya Talaso ikirukaruka begani, kwa hivyo alijua babu yake anamwimbia. Lakini wimbo haukufika. Hata kidogo. Na kama sauti ile iliyokuwa ikijaza soko haifiki huku, basi yake haitafika kule.

Akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi, Waqo Jillo, mkulima wa Rapsu, nasema hivi."

Ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyetumwa dukani.

"Sauti," alisema Bi Alice. "Mteja ni mzee."

"Mimi, Waqo Jillo, mkulima wa Rapsu, nasema hivi." Mashavu yalimwaka, alijisikia kama mtu aliyetoka nje akasahau mtandio. Lakini hakusimama. Akasoma mfereji, akasoma vitunguu, akasoma majina ya waliokuwepo, na jina lile lilimjia tena mara mbili humo katikati, akalisoma. Alipomaliza akauliza, kama walivyofundishwa, "Umesikia yote? Ni maneno yako? Kuna la kuondoa?"

Lotukoi, ambaye hakuna siku aliyokosa mzaha, aliukosa. Alivua kofia. "Nimesikia," alisema. "Ni mimi." Akaweka kidole gumba.

Bi Alice alisema atakata alama, kwa sababu Abiba alimngojesha mteja bila kumwambia kwa nini, na mteja wa kweli angeogopa. Abiba akasema ni haki. Kisha Bi Alice akatazama dirisha, akamtazama Abiba. Bila shaka Mwalimu alikuwa amemwambia kitu. Akafunga faili.

"Jumatatu, saa mbili, kwenye meza ya msaada. Usichelewe kama ulivyochelewa leo."

Fardowsa alipiga kigelegele mpaka darasa la jirani likachungulia. Abiba hakungoja pongezi. Alitoka mbio. Getini hapakuwa na mtu, wala kwenye mgunga. Akampigia mzee simu, imezimwa. Vijana wa boda wakamwonyesha kwa vidole: "Yule babu na mtoto? Ameenda hivyo. Tulimwambia tumbebe bure, akasema safari yake haitaki haraka."

Akampata kwenye kibanda cha chai, mbali, karibu na kona ya kuingia soko la mifugo. Talaso alikuwa amelala kifuani pake, kipande cha mandazi kimegandamana na shavu. Mguu mmoja wa mzee ulikuwa umenyooshwa mbele kama mti, na mwenye kibanda alikuwa amemwekea kigunia chini ya goti.

Alimwona Abiba akija, akamsoma uso kabla hajafika. Hakuuliza kama jina lilisemwa.

"Yule mkulima wa Rapsu," alisema, "alisomewa?"

"Alisomewa, Abba Ola. Mwanzo hadi mwisho."

"Akasikia?"

"Akasikia."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. Abiba akachuchumaa, akamtoa mandazi mtoto shavuni, akambeba mgongoni. Akaangalia lile goti. Akasimamisha boda.

"Panda, Abba Ola."

"Na wewe?"

"Mimi nitatembea na mtoto."

Mzee akapanda kwa kulalamika, lakini akamkataza kijana kuondoa pikipiki mbio. Ikawa inakwenda polepole kando ya Abiba, ikiyumba.

"Mzee, hii ni pikipiki ama ni ngamia?" kijana aliuliza.

"Ngamia angekuwa hana maswali. Twende hivyo hivyo." Kisha akamgeukia Abiba. "Jumatatu mtoto nikuletee wapi?"

"Kule mahakamani, adhuhuri."

"Kuna kivuli?"

"Nitaangalia."

"Angalia na upande wa pili wa barabara," alisema mzee, akishika kilemba kisipeperuke. "Uone kama kuna mahali pa kukaa huko mbali. Watu wa jina langu ni wengi."